Redioni uchumi unakua, dukani kwangu sukari haitoki: nani mkweli?

Swali. Shikamoo mwalimu. Nina duka la rejareja Masasi mjini, huu mwaka wa saba. Kila siku nasikia uchumi umekua, mfumuko wa bei umedhibitiwa, korosho imevunja rekodi. Mimi naona tofauti. Machi 2023 nilikuwa nauza wastani wa Sh 140,000 kwa siku, na za daftari la mkopo hazikuzidi 4,000. Machi mwaka huu wa 2025 nauza 150,000, lakini 18,000 kati ya hizo ni za daftari. Mfuko wa sukari wa kilo 50 uliokuwa ukiisha siku nne sasa unakwenda siku sita. Mtaani kwetu yamefunguliwa maduka mapya matatu. Mume wangu anasema hali ni nzuri, watu wanajenga na pikipiki zimejaa, na anataka tuchukue mkopo tufungue duka la vifaa vya ujenzi. Nimwamini nani, redio au macho yangu? Na nitajuaje kwa uhakika kama uchumi wa hapa kwetu unapanda au unashuka?

Jibu. Marahaba, dada yangu. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umelinganisha Machi na Machi. Kusini pesa ina kalenda yake. Ufuta huuzwa Juni na Julai, mbaazi hufuata Agosti na Septemba, korosho huanza Oktoba na kufika Januari. Baada ya hapo kunapoa. Mtu wa Masasi anayepima Machi kwa Novemba ataona uchumi unakufa kila mwaka na kufufuka kila mwaka. Mtego huo umeukwepa, kwa hiyo namba zako zinaweza kutufikisha mahali.

Kwa ufupi, redio haijakudanganya, na macho yako pia yameona sawasawa. Msimu uliopita wilayani kwenu iliingia pesa nyingi kuliko msimu uliotangulia. Ila haikukaa. Iliingia kwa wiki chache, ikapita kwenye mikono michache, ikatoka. Redio inatangaza kilichoingia. Wewe kaunta yako inakuonyesha kilichobaki. Nataka nikuonyeshe pesa hiyo inavyotoka, kwa sababu uamuzi wa mkopo unategemea hapo.

Tuanze na namba zako. Mauzo yamepanda kutoka 140,000 hadi 150,000, na ukiishia hapo utasema nafuu ipo. Sasa toa za daftari. Machi 2023 zilikuwa zinaingia mkononi Sh 136,000 kwa siku. Machi mwaka huu zinaingia 132,000. Halafu weka bei. Kwa takwimu za Taifa, bei zilipanda asilimia 3.0 katika mwaka ulioishia Machi 2024, na asilimia 3.3 katika mwaka ulioishia Machi 2025. Maana yake, bidhaa zilizonunuliwa kwa 136,000 wakati ule leo zinahitaji karibu 145,000. Wewe unazo 132,000. Pengo ni kama Sh 13,000 kila siku, karibu asilimia 9. Ndiyo sababu ukienda duka la jumla unarudi na mzigo mdogo ingawa jumla ya mauzo ya siku imeongezeka. Hiyo hisia ya kwamba rafu zinapungua ina hesabu nyuma yake.

Sukari yako inasema zaidi ya hapo, lakini isikilize kwa uangalifu. Kutoka kilo 12 na nusu kwa siku hadi kilo 8 na kidogo ni pungufu ya theluthi nzima. Hakuna mtaa unaoacha theluthi ya sukari kwa umaskini peke yake katika miaka miwili. Hapo kuna maduka matatu mapya yaliyogawana wateja wako, na kuna yaliyotokea mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño ziliposimamisha uzalishaji viwandani na kilo moja ikapita Sh 4,000. Familia nyingi zilijifunza wakati ule kunywa chai ya sukari kidogo, na bei iliposhuka hazikurudi zote kwenye kipimo cha zamani. Kwa hiyo usichukue sukari kuwa shahidi wako mkuu. Nitakuonyesha mashahidi bora.

Kabla ya hapo nieleze redio inasema nini hasa, maana watu wengi wanaichukia bure. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 3, bei bado zinapanda; zinapanda taratibu. Hakuna aliyetangaza kwamba zimeshuka. Unga uliopanda mwaka juzi ukabaki pale juu hauingii tena kwenye mfumuko wa mwaka huu, lakini mama anayeununua bado anaulipia bei ya juu kila jioni. Jambo la pili, Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupima kapu moja la nchi nzima lenye bidhaa na huduma 383. Katika kapu hilo vyakula na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa uzito wa asilimia 28.2. Hilo ni kapu la wastani, na ndani yake wamo watu wa mitaa ya wenye nazo, kama Masaki na Capri Point. Mteja wako anayesema "nipimie robo" sehemu kubwa sana ya pesa yake inaishia kwenye chakula. Chakula kikipanda kuliko vitu vingine, mfumuko wa nyumbani kwake ni mkubwa kuliko wa redioni, na wote wawili wamepima vizuri.

Ukuaji nao una tabia hiyohiyo. Mwaka 2024 pato la Taifa lilikua kwa asilimia 5.5. Ndani yake kuna dhahabu, kuna watalii, kuna ujenzi wa miundombinu, na kuna makaa ya mawe unayoyaona kwa macho yako yakipita barabarani. Malori yanayotoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara yameongezeka tangu vita ya Ukraine ya 2022 ilipowafanya wanunuzi wa nje watafute makaa kila kona. Kila tani inayopakiwa melini inaingia kwenye hesabu ya mauzo ya nje. Masasi inapata nini? Dereva anakula sahani ya wali, ananunua maji na vocha, pengine analala gesti usiku mmoja. Uchumi umekua kweli, na umekupitia mbele ya mlango. Kama duka lako lingekuwa jirani na maegesho ya malori, barua yako kwangu ingekuwa nyingine kabisa.

Sasa tuje kwenye korosho, maana kwenu ndiyo moyo wa jambo.

Wazee wa Masasi hawahitaji mchumi awaambie kwamba uchumi wa mahali unaweza kupanda na kuporomoka. Msimu wa 1973/74 nchi ilizalisha tani 145,000 za korosho. Watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki mbali na nyumba, bei ya mkulima ikawa duni, ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia, na ilipofika 1986/87 zilivunwa tani zisizofika 17,000. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo ya nje vikafungwa milango. Dawa ya salfa dhidi ya ubwiri unga na bei nzuri zaidi ndizo zilizoirudisha, polepole. Mwaka 2007 ukaja mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka korosho chama cha msingi, zinakusanywa ghalani, zinapigwa mnada. Msimu wa 2017/18 uzalishaji ulivuka tani 313,000 na bei katika baadhi ya minada ikapita Sh 4,000. Mwaka uliofuata wanunuzi walitaja bei za chini, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba 2018 Serikali ikatangaza kuzinunua zote kwa Sh 3,300 kwa kilo, jeshi likazisomba. Malipo ya wengi yakachelewa. Wenye maduka wa wakati ule, na wewe ulikuwa ndiyo unaanza, wanakumbuka daftari la mkopo la mwaka 2019 lilivyojaa.

Nimeirudia historia hiyo kwa sababu inaeleza kitu ambacho watu wa nje hawakioni. Familia ya Masasi haipangi matumizi kwa bei ya mwaka huu. Inapanga kwa kumbukumbu ya mwaka ule mbaya. Bei ikiwa nzuri, cha kwanza ni kufunga madeni, cha pili ni kuingiza pesa kwenye kitu kisichoweza kurudi kuwa sifuri: bati, saruji, pikipiki, kiwanja. Mumeo anaona hivyo na anasema watu wana hela. Wewe unaona watu haohao Machi wanakopa sabuni na unasema hawana. Ni watu walewale.

Msimu wa 2024/25 ulikuwa mkubwa kweli. Uzalishaji wa nchi ulipita tani 520,000, kutoka takribani 310,000 za msimu uliotangulia. Mnada wa kwanza wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha majirani zenu wa Tandahimba na Newala, Oktoba 2024, ulitoa bei ya juu ya Sh 4,120, wakati mwaka mmoja nyuma bei nyingi zilikuwa zikizunguka 2,000. Redio ikatangaza 4,120 na nchi nzima ikaishika namba hiyo. Lakini minada iliyofuata haikubaki kwenye kilele hicho, daraja la pili halilipwi kama la kwanza, na bei ya mnadani siyo inayofika mfukoni. Kuna makato ya chama kikuu, ya chama cha msingi, magunia, usafirishaji.

Tuchukue familia moja ya mfano, watu watano, iliyovuna kilo 400 na baada ya makato ikapata Sh 3,000 kwa kilo. Ni milioni moja na laki mbili. Ikiingia kwenye simu au benki siku moja, ni pesa nyingi. Mtaa mzima utajua. Igawe kwa miezi 12 uone: 100,000 kwa mwezi, yaani 20,000 kwa kichwa. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa Sh 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na bei zimepanda tangu hapo. Hata kama nusu ya walio nyumbani ni watoto, hata kama wana mihogo na mahindi yao shambani, familia hiyo haijatajirika kwa 4,120 ya redioni. Imevuta pumzi.

Na hiyo milioni na laki mbili inakwendaje? Kwanza kangomba. Unawajua: wanaozunguka Julai na Agosti, mkulima akiwa hana kitu, wanamlipa korosho zikiwa bado juu ya mti, kwa bakuli na kwa bei ya kusikitisha. Sheria inakataza, njaa inaruhusu. Mkulima aliyeuza gunia mbili kwa kangomba Agosti, Novemba gunia hizo zinapigwa mnada na pesa inakwenda kwa mwingine. Kwenye takwimu zinahesabiwa, kwake hazipo. Halafu ada na sare za Januari. Halafu marejesho ya mikopo, pamoja na ile ya kausha damu inayokusanywa kila wiki kwa vikundi vya kina mama. Halafu bati, ambalo pesa yake inaondoka Masasi siku hiyohiyo kwenda kwa muuzaji wa jumla Dar es Salaam. Pikipiki vivyo hivyo. Halafu unyago na harusi, ambazo nisingependa mtu azizungumzie kana kwamba ni ufujaji: pesa ya ngoma ndiyo pesa pekee ya msimu inayozunguka kwa wapishi, wapiga ngoma, washonaji na wauza kuku wa hapohapo. Ukiniuliza matumizi gani ya Desemba yanaonekana tena kwenye kaunta yako Februari, nitakujibu ni hayo.

Kuna mkono mwingine huenda hujauhesabu. Msimu ukifunguka, wachuuzi kutoka Dar na Lindi wanaingia na mabasi, wanafuata minada na magulio kijiji kwa kijiji na nguo, vyombo, redio, magodoro. Wanauza kwa miezi mitatu, wanaondoka na pesa. Wewe unayelipa leseni na pango miezi 12 unabaki na Machi. Siwalaumu, wanaleta vitu ambavyo watu wanavitaka, kwa bei nafuu. Ila ni sehemu ya jibu la kwa nini rekodi ya korosho haikugonga hodi dukani kwako.

Sasa umeniuliza utajuaje kwa uhakika. Hakuna ofisi itakayokutangazia hali ya uchumi wa Masasi mjini kila mwezi, kwa hiyo macho yako ni chombo halali. Yafunze tu kutazama vitu visivyodanganya kirahisi. Macho yanadanganywa na mambo mawili. La kwanza ni bei za kila siku: unga, mafuta ya kupima na nauli tunazikumbuka kwa uchungu, lakini kitu kilichobaki bei ileile miaka mitatu hakuna anayekikumbuka. La pili ni mwaka wa neema. Watu wengi wa Mtwara bado wanapima kila kitu kwa 2017, na mwaka huo ukiufanya rula, kila mwaka mwingine utakuwa mfupi.

Daftari lako la mkopo ndilo kipimo bora ulicho nacho, kuliko droo ya pesa. Watu wengi huangalia jumla ya deni. Wewe angalia mambo matatu ndani yake: deni lina umri gani, limekopwa kitu gani, na nani kakopa. Fungua ukurasa wa Machi 2023 na wa Machi 2025, uweke pamoja. Kama zamani deni lilikuwa linakaa siku kumi na sasa linakaa siku 30, hali imebana hata kama idadi ya wakopaji ni ileile. Kama waliokuwa wanakopa soda na vocha sasa wanakopa unga na kipande cha sabuni, imebana zaidi. Kukopa soda ni kuwa na uhakika wa kesho. Kukopa unga ni kwamba leo hakuna. Na kama wanaokopa ni wakulima, unaangalia msimu. Wakiwa ni walimu na wauguzi, unaangalia kitu kingine kabisa. Mshahara wa Serikali unaingia kati ya tarehe 20 na 25 hivi. Mwalimu aliyekuwa anaanza kukopa tarehe 15 sasa anaanza tarehe 5? Huyo mshahara haujapungua. Umeshakatwa mkopo wa benki kabla haujamfikia, na hali hiyo itaendelea miaka, korosho ipande isipande. Mteja wa namna hiyo mwekee kikomo mapema, kwa heshima, kwa sababu siku yake ya nafuu iko mbali.

Shahidi wa pili ni mashine ya kusaga. Nenda ukazungumze na mwenye mashine, muulize debe ngapi zinasagwa kwa siku na wateja wanaleta kiasi gani kwa mara moja. Mtaa ukibanwa, mtu anayeleta debe zima anaanza kuleta nusu, kisha kilo tatu, na anakuja mara nyingi zaidi. Hii ndiyo ishara ninayoiamini kuliko zote, maana hakuna anayejionyesha kwenye mashine ya kusaga. Mwenye mashine pia atakusaidia na lile swali la maduka matatu: kama debe hazijapungua na sukari yako imepungua theluthi, basi wateja wapo, wamehamia kwa jirani. Muulize na muuzaji wako wa jumla mifuko mingapi ya sukari inakwenda mtaa wenu kwa wiki, maduka yote yakijumlishwa. Ikiwa ni mingi kuliko zamani, tatizo lako ni ushindani, na dawa yake ni nyingine: kufungua alfajiri, kuwa na chenji, kuwa na dagaa wazuri.

Bodaboda nao wanasema mengi ukiwauliza vizuri. Usiulize "biashara vipi", kila mmoja atakujibu ngumu. Uliza kijana anamaliza hesabu ya tajiri saa ngapi. Akiimaliza saa nane mchana, mji una pesa. Akifika saa mbili usiku bado anaitafuta, watu wanatembea kwa miguu. Kwa mama lishe angalia sahani, bei huenda imeganda pale pale na wali ndio umepungua. Michango ya harusi na upatu navipa uzito mkubwa. Mchezo ukivunjika katikati kwa sababu wawili wameshindwa kutoa zamu, hiyo ni habari ya uchumi kuliko taarifa nyingi ninazosoma.

Nikichukua yote uliyoniandikia, naona hivi. Wilaya yenu haijaporomoka. Pesa ya 2024/25 iliingia, na imejenga nyumba na kununua pikipiki kama mumeo anavyosema. Mtaa wako umebanwa Machi kuliko Machi ya miaka miwili iliyopita, kwa kiasi cha wastani, na sehemu kubwa ya maumivu ya duka lako inatokana na maduka matatu mapya na daftari lililoachiwa likue. Kumbuka pia kwa nini maduka hayo yalifunguliwa. Naamini angalau mmoja wa wenye maduka hayo alipata mtaji wake kwenye korosho za Novemba. Pesa nzuri ya msimu, mahali pasipo na viwanda, hukimbilia vitu viwili: duka na bodaboda. Korosho yetu, kwa sehemu kubwa mno, inasafirishwa ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam, kwa hiyo kazi za mwaka mzima ambazo zingewapa wateja wako mshahara wa Machi zinafanyika huko. Hili linaniuma kuliko yote niliyoyaandika hapa. Msimu wa tani 520,000 ungepaswa kuonekana Machi, kwenye kaunta kama yako.

Kuhusu mkopo na duka la vifaa vya ujenzi, mimi nisingefanya hivyo. Bati na saruji zinauzwa Novemba hadi Februari, basi. Miezi iliyobaki mtaji unakaa umelala. Saruji ina faida ndogo sana kwa mfuko, na kiwanda cha Dangote kiko Mtwara tangu 2015, kwa hiyo kila mteja anajua bei ya kiwandani na kila mwenye lori anaweza kuwa mshindani wako. Utahitaji mtaji mkubwa kushindana na watu wenye uwezo wa kukaa na mzigo miezi minane.

Lakini mumeo ameona kitu cha kweli alipoziona pikipiki. Nyumba ikishaezekwa haihitaji bati jingine miaka mingi. Pikipiki inahitaji oili kila mwezi, tyubu, breki, mnyororo, taa, na inavihitaji Machi kama Novemba, kwa sababu bila hivyo kijana hapati hesabu. Pesa iliyotumika kununua pikipiki imeshaondoka Masasi, ila pikipiki yenyewe imebaki, na kuihudumia ni biashara ya miezi 12. Anzeni na oili na tyubu kwenye kona ya duka lililopo, mkubaliane na fundi mmoja mwaminifu wa jirani awaambie vipuri gani vinaisha haraka. Hapo hamhitaji mkopo mkubwa. Vipuri vya pikipiki visikopeshwe hata kimoja; kijana wa bodaboda anapata pesa kila siku.

Mkilazimika kukopa, angalieni tarehe kuliko riba. Mkopo wa miezi sita mkiuchukua Desemba, mkiwa na furaha ya msimu, mnalipa Januari hadi Juni, na karibu yote yanaangukia miezi yenu ya ukame. Mkiuchukua Agosti mnalipa Septemba hadi Februari, na sehemu kubwa inadondokea kwenye miezi ya minada. Na usichukue wowote wenye marejesho ya kila wiki kwa biashara ambayo pesa yake inakuja kwa msimu.

Kuanzia mwezi huu tenganisha safu mbili kwenye daftari la mauzo, taslimu na mkopo, na kila Jumapili andika pembeni mifuko iliyoisha: sukari, unga, mche wa sabuni. Ikifika mwisho wa Mei, kabla pesa ya ufuta haijaanza kuingia, niandikie tena na namba tatu: taslimu ya siku kwa wastani, umri wa deni la kati kwenye daftari (ukiyapanga madeni kwa umri, lile la katikati), na debe za mashine ya kusaga. Hizo zinatosha kuamua kama mpanue au msubiri msimu ujao.